KABLA YA KUKOPA: HESABU WATEJA KWANZA



Katika mikutano yetu ya Busia na Tororo, swali linalotujia sana siku hizi si la mshahara wala la saa za ziada. Ni hili: "Ndugu, nimepunguzwa kazi, nina kiinua mgongo kidogo, nifanye biashara gani?" Wengine wangali kazini, lakini mshahara haufiki tarehe ishirini, nao wanataka mama watoto aanzishe jambo dogo pale langoni. Wote wanataka tuwatajie biashara. Hatuwezi kuwatajia. Tunaloweza ni kueleza jinsi ya kuipima biashara kabla fedha haijatoka mfukoni, na jinsi ya kuieleza mbele ya kamati ya akiba na mikopo. Jambo hili tulijifunza kwa hasara, na hasara yenyewe ilitokana na sisi wanakamati, basi na tuanze nayo.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 mwenzetu mmoja wa Busia, upande wa Kenya, alikuja mbele ya kamati. Alikuwa amepunguzwa kazi wakati wa korona. Ni msemaji hodari, anayejua kusimamisha mkutano. Alisema mahindi upande wa Tororo ni rahisi, upande wa Kenya ni ghali, na katikati ni mpaka tu. Tukapiga makofi. Tulimwuliza swali moja: nani watakudhamini? Wakasimama watu watatu wa zamu yake ya zamani, tukatoa fedha, na yeye akaongeza kiinua mgongo chake chote.

Alinunua magunia kumi na mawili kwa wakulima, akayapanga katika chumba cha kukodi, juu ya sakafu, akingoja kushirikiana lori na wengine. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, ile wataalamu waitayo aflatoksini. Tarehe 10 Machi zuio likaondolewa, lakini kwa masharti: mwenye kuingiza mahindi awe ameandikishwa, mzigo uwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, na uwe na cheti cha mahali ulikotoka. Mwenzetu hakuwa na hata kimoja. Na alipofungua magunia, mahindi yalikuwa yameshikana, yana ukungu na harufu. Mengine yalikwenda kwa wafuga nguruwe, mengine yakatupwa.

Watu husema ilikuwa bahati mbaya. Sisi hatusemi hivyo. Zuio hakuna aliyelijua mbele, hiyo ni kweli, lakini unyevu ulikuwa ndani ya gunia tangu siku ya kununua. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mtu asiye na kipimo hutumia chumvi: unachukua chupa kavu ya kioo, unatia mahindi kidogo na chumvi kavu kidogo, unatikisa kwa muda, kisha unaacha itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Kina mama wauza nafaka wanaijua njia hii. Wangemwambia bure kama angewauliza, na sisi kama tungewauliza wao kabla ya kupiga makofi, wale wadhamini watatu wasingekatwa fedha zao kwa miezi kumi na minne.

Sasa, kuuliza huku ndiko wengine wanakoita utafiti. Neno hili linatisha, mtu anadhani ni kazi ya watu wa chuo kikuu. Sisi tulioishia shule ya msingi tunasema ni miguu, macho, na daftari la kurasa thelathini na mbili.

Mfano mkubwa tunao hapa hapa nyumbani. Tangu miaka ya 1960 watu wa Busia walianza kubeba abiria kwa baiskeli kuvuka mpaka. Walimwona msafiri aliyeshushwa na gari upande huu, ana mzigo kichwani na mtoto mkononi, naye anataka kufika upande wa pili. Baiskeli ilikuwa nyumbani tayari. Kilichoongezwa ni kitambaa chenye kujazwa pamba juu ya keria. Wakaita wateja kwa kutaja mpaka kwa neno la Kiingereza, "boda! boda!", na jina hilo likaenda Kampala, Nairobi, na kwingi kwingineko. Baadaye ikaja pikipiki. Watu wenye ulemavu nao waliona jambo lao: baiskeli zao za magurudumu matatu, za kuzungushwa kwa mkono, zina nafasi ya mzigo, wakawa wachukuzi wa mizigo pale Busia. Hakuna aliyewapa wazo hilo. Waliangalia nani ana taabu, anapita mara ngapi, atalipa kiasi gani ili aondokewe na taabu hiyo, na wao wenyewe wana kitu gani tayari.

Lakini angalieni leo. Mtu akipata kiinua mgongo, jambo la kwanza ni pikipiki. Ukimwuliza kwa nini, anasema, "Mbona waendeshaji ni wengi? Lazima kuna fedha." Ndugu, huko ni kuhesabu wauzaji. Wateja hujawahesabu. Nenda ukae na waendeshaji kwenye stendi yao tangu asubuhi hadi saa sita mchana. Wahesabu ni wangapi, kila mmoja amepata safari ngapi, petroli imekula kiasi gani, na pikipiki ni ya nani, maana wengine wanampelekea tajiri hesabu yake kila jioni, awe amepata au hakupata. Ukiwahesabu hivyo, wengine wenu mtanunua pikipiki bado, na wengine mtarudi nyumbani kimya.

Na usihesabu siku moja tu. Mwezi wa Januari 2022 madereva wa malori walikwama upande wa Kenya wa Malaba kwa sababu ya vipimo vya korona, foleni ikafika makumi ya kilomita. Wakati kama huo, mwuza chai na chapati barabarani hawezi kukosa mteja, na mtu angeweza kukopa fedha za kujenga kibanda kwa kuhesabu foleni ile. Foleni ikaisha. Hali kadhalika pale Busia, kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018 kilitengenezwa makusudi ili gari lisimame mara moja badala ya mara mbili. Kwa dereva ni raha. Kwa mwenye kuuzia watu wanaongoja, kila saa inayopungua ni sahani zinazobaki.

Sasa tuwaletee habari ya mama mmoja wa Tororo, kwani yeye ametufundisha kuliko semina zote. Mume wake ni mwenzetu kiwandani. Mama huyu alitaka kuuza uji wa wimbi kwa watu wa zamu ya usiku wanapotoka na wale wa asubuhi wanapoingia. Alisimama karibu na lango asubuhi tatu: Jumatatu moja, Jumamosi moja, na siku moja katika wiki ya mwisho wa mwezi wakati mifuko imekauka. Hakuhesabu watu wote wanaopita, maana wengi wanakimbilia gari. Alihesabu wanaosimama kununua kitu chochote cha kula. Akapata kama sitini.

Akaandika hivi, kwa shilingi za Uganda na kwa bei za wiki ile (msizichukue kuwa ni bei za kwenu). Vikombe 60 kwa shilingi 500 ni 30,000. Unga kilo mbili 7,000. Sukari kilo moja 4,500. Makaa 3,000. Maji 1,000. Boda ya kupeleka na kurudisha vyombo 2,000. Ushuru wa mahali 1,000. Jumla ya matumizi 18,500, na kinachobaki 11,500 kwa siku. Kwa termosi mbili kubwa za lita kumi, sufuria na vikombe, alihitaji mkopo wa 240,000. Kwa hesabu hiyo, katika siku ishirini na moja za kazi deni lote limekwisha! Wengi wetu tungesimamia hapo na kukimbilia kamati.

Yeye aliendelea kujiuliza. Je, siku ya mvua? Uji umekwisha kupikwa, wateja wamekuja thelathini. Anapata 15,000 na ametumia 18,500. Hasara 3,500, na uji haulali. Je, mkopo wa wateja? Hapa ndipo tunapowaomba msome polepole. Langoni watu hunywa leo na kulipa mwisho wa mwezi. Tuseme katika vikombe sitini, ishirini ni vya kuandikwa kwenye daftari. Hizo ni shilingi 10,000 kila siku ambazo hazimo mkononi. Kwa hiyo kile 11,500 anachokiita faida, 10,000 kiko kwenye daftari, na mkononi ni 1,500 tu. Baada ya siku 24 za kazi, wateja wanamdai nini? Hawamdai kitu, wao ndio wanaodaiwa 240,000, sawa kabisa na mkopo wote aliotaka kuomba! Maana yake angekopa fedha kwa riba ili awakopeshe wanaume wa zamu ya usiku bila riba, na wengine wao huhamishwa zamu kabla ya siku ya mshahara. Tumeona vibanda vingi vikifungwa mwenyewe akisema "nilikuwa ninapata faida, sijui fedha zilikwenda wapi". Zilikwenda daftarini.

Mama huyu hakuja kwenye kamati bado. Aliazima termosi kwa dada yake na nyingine kwa jirani, akauza wiki mbili, siku kumi na mbili, kwa fedha taslimu tu. Wengine walimnunia. Aliandika kila siku. Jumla aliuza vikombe 516, yaani wastani wa 43, wala si 60. Akajifunza kupika vya 45 tu: unga kilo moja na nusu 5,250, sukari robo tatu 3,375, makaa, maji, boda na ushuru vile vile 7,000, jumla 15,625. Anauza 21,500. Kinachobaki ni 5,875. Angalieni: nusu tu ya kile alichokiandika akiwa amekaa nyumbani. Karatasi haikudanganya kwa ubaya, bali kila mtu akiwaza biashara yake huwaza siku ya jua.

Kwa wale wanaofikiria kuvusha bidhaa mpakani, kuna mambo mawili ambayo hayamo katika hesabu ya uji. La kwanza ni jina la fedha. Pande zote mbili tunasema "shilingi", lakini shilingi moja ya Kenya ni zaidi ya ishirini za Uganda, na kiwango hubadilika. Kila tarakimu iandikwe jina lake, na ukumbuke kwamba ukibadilisha fedha kwenda na kurudi, mbadilishaji amekula mara mbili.

La pili ni karatasi. Wengi bado hupita njia za panya kwa kuamini kwamba forodha ni ya matajiri. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ushuru wake wa forodha wa pamoja ulianza tarehe 1 Januari 2005, mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliolimwa au kutengenezwa katika nchi za Jumuiya na uliomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, na halipi ushuru wa forodha. Cheti hicho hakiondoi kodi nyingine zinazohusu bidhaa, wala ukaguzi wa afya kwa mimea na vyakula. Basi swali la kumwuliza afisa si "nitapitaje?" Mwulize, "Bidhaa hii, kiasi hiki, inahitaji karatasi zipi, na kila moja inatolewa wapi?" Uliza kabla ya kununua, ukiwa mikono mitupu. Ukiuliza ukiwa na magunia juu ya mkokoteni, jua linawaka, utalipa chochote utakachoambiwa. Na yeyote anayepita njia ya panya aandike katika hesabu yake siku ambayo mzigo wote utachukuliwa, maana siku hiyo ipo.

Turudi kwa mama wa uji. Sisi wa Busia tulialikwa Tororo siku alipokuja kujieleza, na tulikwenda na mmoja wa wale wadhamini watatu wa mahindi. Kikundi chao kinatumia sanduku la kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu mbalimbali, hivyo fedha haitoki ila mbele ya wote. Kabla yake alisimama kijana mmoja aliyezungumza dakika ishirini juu ya maendeleo, na jinsi duka lake litakavyokuwa na matawi hadi Mbale. (Mmoja wetu alisinzia, hatumtaji.) Alipoulizwa atauza nini siku ya kwanza, alisema ataangalia soko.

Mama alifungua daftari. Hakusimama hata dakika tano. Alisema, "Ndugu zangu wa kamati, ninauza uji wa wimbi langoni saa ya kubadili zamu. Nimeuza siku kumi na mbili kwa vyombo vya kuazima, vikombe mia tano na kumi na sita. Kwa siku ninabaki na elfu tano mia nane na sabini na tano. Naomba laki mbili na arobaini elfu za vyombo, nirudishe elfu sitini kila mwezi kwa miezi minne pamoja na riba yenu. Siku ya mvua kubwa ninapata hasara, nimeiona mara mbili, imo humu." Akaweka daftari mezani.

Sisi tunawashauri mfanye vivyo hivyo. Anza na kitu unachouza na anayekinunua. Taja ulichokihesabu mwenyewe kwa macho yako, wala usitaje ulichosikia. Taja kiasi unachoomba na kitakachonunuliwa nacho, kitu kwa kitu. Na siku mbaya zitaje wewe mwenyewe kabla hujaulizwa. Watu wengi huficha hapo wakiogopa kunyimwa. Kamati iliyokwisha kuungua kama yetu humwogopa zaidi mtu asiye na siku mbaya.

Yule mdhamini wetu wa mahindi ndiye aliyeuliza kwa ukali. "Mama, na uji ukibaki?"

"Baba, nyumbani kuna watoto watano. Haujawahi kumwagwa."

"Na mkopo langoni?"

"Hata mume wangu analipa."

Kamati ilicheka, lakini ikamhesabia tena: wiki ya siku sita ni 35,250, wiki nne ni 141,000. Akitoa 60,000 anabaki na 81,000, na riba hutoka humo. Hata mauzo yakishuka kwa siku kadhaa za mvua, marejesho yanawezekana. Wakafungua kufuli. Yule kijana wa matawi hakufukuzwa, aliambiwa arudi na hesabu ya siku kumi na mbili. Hadi tunaandika haya hajarudi.

Neno moja juu ya fedha zinazopatikana bila kujieleza. Upande wa Kenya, mfuko wa Hustler ulioanzishwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022 ulianza kukopesha kwa simu, tangu shilingi 500 za Kenya, riba asilimia 8 kwa mwaka, kurudisha ndani ya siku 14. Riba hiyo ni ndogo, lakini tazameni muda: siku kumi na nne zafaa kwa nyanya zinazouzika kwa siku mbili, hazifai kwa termosi inayolipa deni lake kwa miezi minne. Upande wa Uganda, mpango wa maendeleo wa parokia uliozinduliwa Februari 2022 hutoa hadi shilingi milioni moja za Uganda kwa kaya, kwa riba ya asilimia 6, na umekusudiwa kwa kaya ambazo bado zinazalisha kwa chakula chao tu. Mwenye mshahara asijiandikishe kwa kutumia jina la mama mkwe. Tumeshaletewa kesi ya namna hiyo, na waliogombana ni familia.

Mama wa uji alimaliza deni kwa miezi mitano badala ya minne, kwa sababu Desemba kiwanda kilisimama kwa ukarabati na lango likawa tupu wiki mbili. Hilo hakulihesabu, wala sisi hatukumwuliza. Sasa tumeliongeza katika maswali ya kamati: kiwanda husimama lini, miwa hukatwa miezi gani, na katika miezi mingine mteja wako anakula kwa fedha gani? Matawi yenye kalenda za ukarabati na za msimu wa kukata miwa yanaombwa kuzibandika mahali kina mama wa langoni wanapoweza kuzisoma.